Mchongaji wa Tabora na Wenzake Asiowajua

Kigoda cha Kinyamwezi cha miguu mitatu hakina msumari wala gundi. Kikalio na miguu, na kile cha mtemi hata mgongo mrefu wa kuegemea, vyote vinatoka ndani ya gogo moja, na kazi ya fundi tangu asubuhi mpaka jioni ni kupunguza. Ukikipindua utaona alama za tezo zimepangana kuzunguka kila mguu, ndogondogo, na mwenye jicho atajua fundi alitumia mkono gani, alikuwa na haraka au alikuwa ametulia.

Nachonga na kuuza vigoda hivi hapa Tabora, pamoja na vinu, miiko, na mara mojamoja mlango wa nakshi mtu akiagiza. Wageni wanaoshuka treni, na hata vijana wetu waliokulia mijini, huniuliza swali moja: "Mzee, hii sanaa ni ya kabila gani?" Najibu kwamba kigoda ni cha Wanyamwezi, na ni kweli. Lakini tangu nistaafu nimekuwa nikilifikiria jambo jingine, nalo ndilo nataka kuliandika leo. Mchongaji wa Unyamwezi ana ndugu wa kazi katika nchi ambazo babu zake hawakupata kuzisikia, na kilichowafanya ndugu ni mti wenyewe, kwa namna unavyokauka.

Nilijifunza kuchonga kabla sijajifunza useremala. Baba mdogo, aliyekuwa akikaa upande wa Ndala, alikuwa mchonga vinu na vigoda, na likizo za shule nilizimalizia kwake nikishika gogo lisicheze. Baadaye nikaajiriwa reli, kazi za mbao kwenye mabehewa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mtu akiishi kwenye reli hiyo maisha yake yote anaisoma nchi kwa vitu vya mbao. Ugogoni nikaona vigoda ambavyo ningeapa vimetoka kwetu, mpaka nilipotazama kikalio. Dar es Salaam nilikuwa nikipata nafasi nakwenda Mwenge kuwatazama Wamakonde wakipiga mpingo, mti mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Kigoma nilikaa Ujiji na Kibirizi kutazama mafundi wa mitumbwi. Siku hizi mjukuu wangu amenionyesha kwamba makumbusho makubwa ya dunia yameweka picha za vitu vyao kwenye intaneti, na ukiivuta picha unaona mpaka alama ya patasi. Usiku wangu mwingi unaishia humo.

Niseme kwanza kuhusu ufa, maana bila ufa hutaelewa uchongaji wa nchi yoyote.

Gogo lililokatwa leo lina maji mengi ndani. Likianza kukauka linasinyaa, na halisinyai sawasawa. Kwa urefu karibu halibadiliki. Kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome linasinyaa kidogo. Lakini kwa kuzunguka, ukifuata duara la pete za mti, linasinyaa takriban mara mbili ya hapo. Mzunguko unataka kupungua kuliko sehemu ya ndani inavyoruhusu, kwa hiyo lazima mahali fulani papasuke, na ufa hufunguka kutoka nje kuelekea kwenye kiini. Hata liwe gogo la mninga safi, ambao ni mti mtulivu kuliko mingi, ukiliacha duara zima na kiini chake ndani, usishangae asubuhi moja ukilikuta limefunguka.

Baba mdogo hakuwa na maelezo haya ya vipimo. Alikuwa akisema, "Kiini ni mchokozi, kitoe kwanza." Alichagua gogo nene, akalipasua katikati kwa kabari, na kila nusu ikawa kigoda kimoja ambacho kiini kimebaki nje. Alichonga likiwa bado bichi, akaacha unene wa ziada. Zile ncha mbili, ambako maji hutoka haraka kuliko ubavuni, akazipaka nta ya nyuki. Sisi wa Tabora nta haijawahi kutupungukia. Mizinga ya magome imetundikwa kwenye miyombo tangu zamani. Kisha alikifukia kigoda ndani ya vibanzi vyake mwenyewe, kwenye kona yenye kivuli ya nyumba, na akakataa mtu kukigusa mpaka aseme yeye. Miezi ikapita. Alipokitoa ndipo alipochonga sura ya mwisho, akasugua, akapaka mafuta ya nyonyo.

Miguu nayo ina elimu yake. Kigoda huchongwa gogo likiwa limesimama, yaani nyuzi za mti zinapita kutoka kikalioni kushuka chini mguuni. Ndiyo sababu mguu mwembamba unambeba mtu mzima. Ukiutanua mguu nje kupita kiasi, nyuzi zinakatwa njiani, na siku moja mguu utakatika kwa ulalo mtu akiwa amekaa. Lile pindo dogo la mguu ambalo mnunuzi huliita urembo ni mpaka uliowekwa na mti, na fundi akautii. Na miguu ni mitatu kwa sababu sakafu zetu zilikuwa za udongo. Vitu vya miguu mitatu havitikisiki popote utakapoviweka. Vya miguu minne vinadai sakafu iliyonyooka.

Sasa nenda Ethiopia, upande wa Jimma. Huko wana viti vya mgongo, vya gogo moja, vya miguu mitatu. Nilipoona picha ya kwanza nilimwita mke wangu aje aangalie, akasema, "Hiki si cha kwenu?" Siamini kwamba lazima mtu mmoja alimwigiza mwenzake. Mwenye gogo, tezo na sakafu ya udongo atafika hapohapo, akiwa Jimma au akiwa Ndala.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni la kukomba ndani. Mchonga ngoma wa kwetu hutoboa gogo akalikomba mpaka libaki ganda. Watu hudhani anatafuta sauti tu. Sauti ni kweli, lakini kwa kukomba ameondoa kiini na ameacha ukuta mwembamba unaoweza kusinyaa bila kugombana na kitu. Sasa, mjini Nara, Japani, kwenye lango kubwa la kusini la hekalu la Todai-ji, wamesimama walinzi wawili wa mbao wenye kimo cha zaidi ya mita 8. Walichongwa mwaka 1203 na mafundi walioongozwa na Unkei na Kaikei, na kazi ilichukua siku 69. Inawezekanaje? Hawakutafuta mti mmoja mkubwa. Waliunganisha vipande vingi, watu wengi wakafanya kazi kwa wakati mmoja, na wachongaji wa Japani walikuwa na desturi ya kukomba sanamu kwa ndani ili isipasuke. Nenda tena Ujerumani, mji wa Würzburg, alikoishi Tilman Riemenschneider, aliyefariki mwaka 1531. Alichonga watakatifu wa altare kwa mti laini wa linde, nyuso zenye huzuni ambazo ukizitazama unatamani kuwauliza wana nini. Ukizunguka nyuma ya mtakatifu mmoja wa namna hiyo, mgongo umekombwa kama mtumbwi. Sababu ni ileile.

Watu hawa hawakuonana. Mmoja alikuwa akimtumikia Buddha, mwingine akichonga Bikira Maria kwa ajili ya kanisa, mwingine akitengeneza ngoma ya mtemi apigiwe mvua ikichelewa. Kila mmoja alikutana na ufa uleule, na mikono yao ikafanya kitu kimoja. Kwangu mimi huo ni udugu wa kweli, wala hauhitaji mtu kuwahubiria watu kwamba wapendane.

Upande wa pili wa udugu huu ni kiti chenyewe. Mahali pengi watu wameona kwamba anayeongoza akae kwenye kitu kilichochongwa, na kwamba kitu hicho kisikaliwe na kila mtu. Kwetu kiti cha mgongo mrefu kilikuwa cha mtemi. Waasante wa Ghana nao huchonga vigoda vyao kwa kipande kimoja cha mti, kikalio kimepinda pande mbili, na kigoda kisipokaliwa hulazwa ubavu. Juu ya vyote kuna Kigoda cha Dhahabu, ambacho kwao kimebeba roho ya taifa zima na hata mfalme mwenyewe hakikalii. Mwaka 1900 gavana wa Kiingereza, Frederick Hodgson, alidai aletewe akikalie. Yaa Asantewaa, mama wa kifalme wa Ejisu, akaongoza vita. Waasante walishindwa vitani, lakini gavana kigoda hakukipata.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndani ya Kongo, Waluba huchonga kigoda ambacho mwanamke amekibeba kikalio kwa kichwa na ncha za vidole. Nimevitazama sana vigoda hivi kwa sababu ni majirani zetu. Misafara iliyotoka Tabora ikavuka ziwa Ujiji ilifika mpaka kwao. Kuna kazi zinazofikia ishirini hivi ambazo wataalamu walizitambua kuwa za mkono mmoja au karakana moja, kutokana na nyuso ndefu zenye mashavu yaliyobonyea. Kwa muda mrefu waliziita kazi za Fundi wa Buli, kwa jina la kijiji. Baadaye likapatikana jina la mtu: Ngongo ya Chintu. Nilifurahi siku niliposoma jina hilo kana kwamba nimepata habari za ndugu aliyepotea.

Maana la kwetu halikupatikana. Berlin kuna kiti cha Kinyamwezi cha mgongo mrefu, kilichochukuliwa huku mwishoni mwa karne ya 19, na mgongoni mwake kumechongwa umbo la mtu. Ni kazi ya fundi hodari kabisa. Naujua ugumu wa kuliinua umbo kutoka kwenye ubao ambao wakati huohuo ni mgongo wa kiti: ukiingia ndani sana mgongo unadhoofika, ukiogopa umbo linabaki bapa. Huyu hakuogopa na hakupitiliza. Na jina lake halipo. Aliyekichukua alijua aandike kinatoka wapi, hakuuliza nani amekichonga, na wakati huo huenda fundi alikuwa hai, anaishi mwendo wa siku moja tu kutoka hapo. Hizo ndizo zilikuwa enzi zenyewe. Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome ya mtemi Isike hapa Tabora, Isike alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Baada ya mambo kama hayo, nani angekaa na kuuliza habari za mchonga viti? Hata hivyo naona tunadaiwa jibu, sisi pamoja na wao. Napenda siku moja kiti hicho kirudi, hata kwa kuazimwa, kiwekwe mahali ambapo wachongaji wa Unyamwezi wanaweza kupiga magoti na kukitazama kwa chini.

Kuna kisa kingine cha kiti ambacho huwasimulia vijana wangu. Nigeria, nchi ya Wayoruba, aliishi mchongaji aitwaye Olowe wa Ise, aliyefariki mwaka 1938. Alimchongea mfalme wa Ikere, Ogoga, mlango wa jumba lake, na ndani ya mlango huo akachonga siku ambayo ofisa wa Kiingereza alifika kwa mfalme: mfalme amekaa kwenye enzi na mkewe nyuma yake, na mzungu amebebwa kwenye machela na wapagazi. Mwaka 1924 mlango ulipelekwa London kwenye maonyesho makubwa ya Wembley, na makumbusho ya Uingereza wakautaka moja kwa moja. Ogoga hakutaka pesa. Alikubali kubadilishana, wakamtengenezea kiti cha enzi huko Uingereza wakampelekea. Kila nikifika hapo vijana hubishana kama mfalme alipata au alipoteza. Mimi naona alipoteza. Kiti kizuri kinaweza kutengenezwa tena na fundi mwingine mwenye mbao na vipimo. Mlango ule ulikuwa na Olowe ndani yake.

Watu wa Tabora hatuna sababu ya kushangaa kwamba kuchonga kunasafiri. Mji huu umejengwa na safari. Ukienda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley Ujiji (nyumba unayoiona leo ilijengwa upya miaka ya 1950), utaona milango ya nakshi, ile ya kipwani, yenye ukoo na Uarabuni na India. Milango ya namna hiyo ipo Unguja, ipo Bagamoyo, na ilipanda huku bara pamoja na wenye misafara. Ndani ya nyumba hizohizo watu walikaa kwenye vigoda vya Kinyamwezi. Wapagazi wetu nao hawakubaki nyumbani. Msiri, mtu wa huku kwetu, alikwenda Katanga akajenga dola huko, na aliuawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme wa Ubelgiji. Watabwa, upande wa kusini-magharibi wa ziwa, wana viti vya mgongo mrefu vya ukoo mmoja na vyetu. Nikiweka vitu hivi pamoja, naona njia ya miguu imepita katikati yake.

Vita navyo vilibeba ufundi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hapa Tabora tukawapata Wabelgiji waliotoka Kongo, Septemba 1916. Upande wa mashariki alikuwepo Mkamba mmoja kutoka Kenya, Mutisya Munge, aliyeletwa katika vita hivyohivyo. Aliwaona wachongaji wa huku kwetu Tanganyika, akajifunza, na aliporudi kwao Wamunyu akaanza kuchonga vya kuuza. Ile biashara kubwa ya vinyago vya Wakamba inayojulikana leo hadi Ulaya, chimbuko lake linaelezwa kuwa kwa mtu huyo. Vinyago vya Kenya vina mbegu ya Tanzania ndani yake, na mbegu hiyo ilichukuliwa na mtu aliyeletwa huku na vita vya wengine.

Baada ya kusema yote haya, kuna hatua moja nakataa kuipiga. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa uchongaji ni wa wote, basi kila mtu achonge chochote cha yeyote. Kijana mmoja hapa mtaani aliniletea simu yake, ana picha ya nakshi za Wamaori wa New Zealand, anataka kuziweka kwenye kichwa cha kitanda cha mteja. Nakshi zenyewe ni za kupendeza mno, mizunguko ndani ya mizunguko. Nilimkalisha chini. Kwa Wamaori nyumba ya kukutania ya ukoo ni mwili wa mhenga: boriti ya juu ni uti wa mgongo, makombamoyo ni mbavu, na nguzo zilizochongwa ni wahenga wenye majina. Pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, Wahaida na majirani zao huchonga nguzo ndefu za mwerezi, na wanyama walio juu ya nguzo ni alama za koo. Asiye wa ukoo huo haruhusiwi kuzitumia. Nikamuuliza kijana: mtu wa huko akichukua alama ya ukoo wenu akaiweka kwenye kitanda cha hoteli, mama yako atasemaje? Alinyamaza, kisha akasema atachora majani ya mwembe. Tukachora pamoja. Miembe ipo tele Tabora, na jani la mwembe kwenye ubao wa mninga linakaa vizuri sana, kwa sababu mshipa wake wa katikati unaweza kuufuatisha na uzi wa mti.

Tezo, kabari, nta, kukomba, kusubiri: hayo achukue yeyote kwa yeyote. Alama ya mtu muachie mwenyewe mpaka akupe.

Kuhusu hali ya kazi leo sitasema mengi, maana kila fundi wa mkoa huu anaijua. Vijana wengi wanatengeneza vitanda na makochi, na sehemu ya nakshi wanainunua ikiwa imeshachongwa na mashine ya kompyuta. Sina ugomvi na mashine hiyo kwenye ubao bapa. Ua inalichonga safi kuliko mkono wangu wa sasa. Ila inapita juu ya nyuzi bila kujua zinaelekea wapi, na kwenye kigoda hilo ndilo jambo lenyewe. Miti pia imekuwa ya kutafuta mbali. Mninga mnene unaofaa kupasuliwa upate vigoda viwili haupatikani karibu na mji, kuni za kukaushia tumbaku zimekula misitu mingi, na mpingo na mkurungu biashara yake sasa inasimamiwa hata kwa mikataba ya kimataifa. Mimi nanunua gogo lenye kibali cha maliasili au sinunui. Mara nyingi nachonga mwembe uliozeeka na kuangushwa na mwenye shamba. Si mti wa kifahari, wadudu wanaupenda, lakini kwa kumfundisha kijana kushika tezo hauna ubaya.

Nina wanafunzi wawili kwa sasa. Mmoja ni binti wa Isevya aliyemaliza kidato cha nne, na yeye ndiye mwenye jicho. Wiki ya kwanza hakuchonga chochote. Alipasua kuni, akajifunza gogo linafunguka wapi na kwa nini. Majirani walimwambia kuchonga ni kazi ya wanaume. Nilimwambia atazame mkono wangu na mkono wake, kisha atazame tezo, aniambie tezo limeonyesha kutambua tofauti gani. Kigoda chake cha kwanza kipo kwenye vibanzi kinakauka.

Mwisho, ombi kwa mwenye kigoda cha zamani nyumbani, cha bibi au cha babu, chenye ufa. Usikipige msumari. Msumari unafunga mti mahali pamoja wakati mti bado unatembea, na ufa mpya utafunguka pembeni yake. Usijaze simenti wala ile gundi ya kujaza mashimo. Kiweke kivulini mwezi mzima, mbali na jiko na mbali na jua, mpaka ufa ukome kubadilika; weka alama ya kalamu kwenye mwisho wake ili ujue. Ukishatulia, chonga kipande chembamba cha mti uleule, chenye kiuno katikati na mabawa mawili, nyuzi zake zikipita kukata ufa, ukizamishe kwenye shimo lenye umbo hilohilo ili kiushike ufa pande zote mbili. Wajapani hufanya hivyo, maseremala wa Ulaya hufanya hivyo, na kwa baba mdogo nilikiona kwenye kinu kilichokuwa kikubwa kwa umri kuliko yeye. Kipande kikae juu kidogo ya uso wa mti, kisha ukisawazishe kwa tupa na msasa baada ya siku chache, na umalizie kwa mafuta ya nyonyo, tabaka nyembamba, ukipangusa yanayobaki. Kama huna fundi karibu na uko Tabora, kilete. Sitatoza kitu kwa kigoda cha gogo moja, mradi uniambie nani alikichonga, kama bado kuna mtu nyumbani anayelikumbuka jina.